Uzi: Japani ya mashambani (Shimane), kusokota mabua ya mpunga na kula jikoni kwa wakulima

Msangu_wa_Mpunga (mwanzisha uzi)

Wakuu, habarini za muda huu.

Kwenye ule uzi wa masomo ya Japani kuna watu walinibana nieleze vijijini kukoje, maana kila anayefika huku anatupia picha za Tokyo na treni ya kasi, basi, imeisha. Mimi ni afisa ugani, kwetu Mbarali, kwa sasa nipo Hiroshima kimasomo. Mpunga ndio kazi yangu, kwa hiyo nikizama sana mnivumilie.

Ninayoiongelea ni Shimane, ng'ambo ya milima ukitokea Hiroshima. Ni kati ya mikoa yenye watu wachache kabisa Japani nzima, hawafiki hata laki saba. Ndani yake kuna mji mdogo wa milimani unaitwa Iinan, na watu wa pale kazi yao inayowatambulisha ni kusokota shimenawa. Hiyo ni kamba nene ya mabua ya mpunga inayotundikwa kwenye mahekalu ya Shinto (dini ya jadi ya Kijapani), alama kwamba ukivuka hapa umeingia patakatifu. Utaiona kwenye lango, kwenye mti mkongwe uliozungushiwa kamba kiunoni, hata kwenye jiwe. Ndogo zake watu hutundika milangoni mwa nyumba mwaka mpya unapoingia.

Moja ya zile kubwa kabisa ipo Izumo Taisha, hekalu mashuhuri la huko Shimane, kwenye ukumbi unaoitwa Kaguraden. Urefu mita 13 na ushee, uzito zaidi ya tani 5. Mabua matupu! Hiyo hutoka Iinan. Mwaka 2018 walishusha iliyochakaa wakapandisha mpya. Ukisimama chini yake ukaangalia juu unajiuliza hao waliosokota walikuwa na mikono ya namna gani. Ukweli ni kwamba wanajikusanya kijiji kizima, na siku hizi kreni inasaidia kunyanyua.

Sasa kwa nini nafungua uzi kwa ajili ya kamba? Kwa sababu kwetu Usangu mpunga ukishavunwa, mabua aidha yanachomwa moto au ng'ombe wanaingizwa shambani, na habari yake imekwisha. Huku mpaka juzi juzi tu hapo nyuma bua lilikuwa nusu ya mavuno. Ndilo lililokuwa kamba, ndala za safari (waraji), koti la mvua (mino), viatu vya theluji, gunia la mchele (tawara, ambalo hesabu yake mpaka leo ni kilo 60), matandiko ya farasi, mbolea, na tumbo la mkeka wa tatami. Mtu alikuwa anazaliwa juu ya mabua na anatembea juu ya mabua.

Ngoja niwaeleze kazi yenyewe, halafu tuje kwenye chakula.

Iinan kuna jengo la kufundishia wageni, Oshimenawa Sosakukan. Unaweka nafasi kabla, unaketishwa, unapewa fungu la mabua. Ukidhani utaanza kusokota hapo hapo umekosea njia, kwanza ni usafi. Kila bua lina maganda ya majani yanayolivaa chini, hayo yote yanachambuliwa mpaka ibaki ile fimbo nyembamba ya katikati. Kisha unanyunyizia maji kidogo na kulitwanga kwa nyundo ya mti juu ya jiwe au gogo, unaligeuza unatwanga tena, mpaka lilegee. Bua lisilotwangwa linavunjika mkononi, na lililotwangwa sana linakuwa nyuzi nyuzi halina nguvu. Kipimo ni vidole, hakuna mashine ya kupimia.

Kusokota kwenyewe: mafungu mawili, unayakalia kwa miguu au unayafunga mahali, unayaweka katikati ya viganja. Unasugua kiganja kimoja mbele kila fungu lijisokote peke yake, halafu unayapishana kwa upande ulio kinyume. Yale mafungu yanataka kujifungua, na kule kutaka kujifungua ndiko kunakoyabana yashikane. Kamba ikianza kuwa nyembamba unachomeka mabua mapya bila fundo. Bibi aliyekuwa anatuelekeza alikuwa anaongea na mwenzake habari za mvua huku kamba inamtoka mkononi kama maji ya bomba.

Kamba ya kawaida ya shambani inasokotwa kuelekea kulia. Shimenawa inasokotwa kushoto, maana si ya kazi za kawaida, na kwa mtu wa mkono wa kulia viganja vinagoma kabisa.

Chakula nakuja nacho chini. Ulizeni.

---

Ngosha_wa_Magu

Nimekaa mkao wa kula. Tiririka mkuu.

---

Binti_Wete

Assalaam alaykum. Kaka Msangu, hapa umenigusa. Bibi yangu Pemba alikuwa anasokota kamba za makumbi, na mimi nilimkuta bado ana nguvu. Makumbi yanafukiwa pwani kwenye maji ya chumvi miezi, yanafukuliwa, yanapondwa kwa rungu, ndipo unasokota kwa viganja hivyo hivyo ulivyoeleza, mafungu mawili yanayopishana. Sasa nauliza: hayo mabua hayaozi? Kamba ya makumbi inakaa baharini miaka. Kamba ya majani ya mpunga ikinyeshewa si inavunda?

---

Msangu_wa_Mpunga

Waalaykum salaam dada. Inavunda, ndiyo. Hata haijifichi. Ndala za waraji mtu wa zamani akisafiri kwa miguu alikuwa anazimaliza kwa siku moja mbili, anafunga jozi nyingine kiunoni, zilizochakaa anaziacha njiani zinakuwa mbolea. Shimenawa ndogo ya nyumbani ni ya mwaka mmoja, sikukuu zikipita inapelekwa hekaluni kuchomwa na mwaka unaofuata unasokota mpya. Ile ya Izumo inakaa miaka kadhaa kwa kuwa ni nene mno, lakini nayo inachakaa na inabadilishwa.

Kwa hiyo ni kitu kinachotaka mtu akijue kila mwaka. Makumbi nadhani bibi akikusokotea moja unaweza kukaa miaka bila kumrudia.

---

Kirinyaga_Finest

Wasee, hii ni story poa. Mimi niko Mwea. Huku hatuchomi sana siku hizi, majani ya mpunga tunafunga marobota tunauzia wenye ng'ombe wa maziwa, na wakati wa kiangazi bei inapanda hadi unashangaa. Swali langu bana: hao wajapani si wanavuna na kombaini? Kombaini inakatakata majani yote vipande vidogo. Wanapata wapi bua refu la kusokota?

---

Msangu_wa_Mpunga

Hapo ndipo penyewe, umelenga.

Kombaini zao zinakatakata bua na kulimwaga shambani palepale lioze. Mkulima anayetaka mabua ya kusokota lazima avune kwa njia ya zamani, yaani mundu au kile kimashine kidogo kinachokata na kufunga mafungu, halafu aanike kwenye vichanja vya miti au mianzi. Ni kazi ya mgongo. Juu ya hilo, mbegu nyingi za kisasa ni fupi ili zisilale upepo ukivuma, na bua fupi halina faida kwa msokotaji. Wanaoijua kazi wanapenda mpunga wa mochi, ule wa kunata, maana bua lake ni laini na refu.

Na kuna hili ambalo mimi kama mtu wa ugani liliniingia kichwani likakaa: kwa mapambo mazuri ya mwaka mpya mabua yanakatwa mabichi, kabla suke halijajaa, ili rangi ya kijani ibaki. Maana yake hilo shamba hulivuni mchele kabisa. Unalima mpunga kwa ajili ya majani yake. Nikiwaambia hilo wakulima wa skimu zetu za umwagiliaji watanipeleka hospitali.

---

Mzee_wa_Kobe

Vijana, mimi huku nimekaa muda mrefu, ngoja niongeze viungo.

Mkienda Izumo mtaona watu wanaangalia vile vishungi vikubwa vinavyoning'inia chini ya kamba. Zamani wageni walikuwa wanarusha sarafu ziganda kwenye mabua, eti ikinasa una bahati. Hekalu halitaki, inaharibu kamba, na vishungi vikawekewa wavu. Msirushe. Na pale watu wanapiga makofi manne wakati wa kuomba, mahali pengine ni mawili. Kamba yenyewe pia imelazwa kinyume na mahekalu mengi, upande mnene uko kushoto.

Jingine: mnaangalia sumo kwenye televisheni? Ile duara ya ulingo ni magunia ya mabua yaliyojazwa udongo na kuzikwa nusu. Kule Oga, mkoa wa Akita, usiku wa kuamkia mwaka mpya wanaume wanavaa vinyago na mavazi ya mabua, wanaingia majumbani kutisha watoto wavivu. Wanaitwa Namahage. Bua likidondoka sakafuni halifagiliwi usiku ule, linahesabiwa ni baraka. Mwaka 2018 UNESCO iliwaandikisha pamoja na sherehe nyingine za namna hiyo.

---

Msangu_wa_Mpunga

Shikamoo mzee. Asante kwa kuongezea.

Haya, CHAKULA.

Nililala kwenye nyumba ya wakulima inayopokea wageni. Mtindo huu umesambaa Japani. Waliovuma nao mapema ni watu wa Ajimu, mkoa wa Oita, miaka ya 1990, ambao wana msemo kwamba ukilala mara moja umekuwa ndugu wa mbali, mara kumi umekuwa ndugu wa damu. Si hoteli. Unakula wanachokula na unapewa kazi, na ukijifanya mgeni wa heshima unakaa peke yako sebuleni wenzako wako jikoni wanacheka.

Jiko lao ni la udongo, kamado, lina tundu la kuni chini na juu linakaa sufuria zito lenye ukingo kiunoni unaolizuia lisizame. Mfuniko ni wa mbao, mzito kweli. Kuna kanuni ya kupika wali ambayo kila mtu mzima anaikariri kama wimbo, kwa Kiswahili changu ni hivi: mwanzo moto wa kusuasua, katikati moto wa kuruka, ukisikia inanung'unika vuta kuni, choma konzi moja ya mabua, na mtoto hata akilia usifunue mfuniko.

Mnaona? Mabua yameingia jikoni. Kuni zikishatolewa na wali uko kwenye makaa, konzi ya mabua makavu inatupwa ndani, inawaka fyaa kwa dakika chache na kuzima yenyewe. Huo moto wa ghafla unakausha maji yaliyobaki chini ya sufuria, halafu wali unaachwa ujivukie. Wenzetu wa pwani wanapalia makaa juu ya mfuniko, hawa wanamalizia kwa chini. Na ukoko upo! Unapatikana chini ya sufuria, wa kahawia, wanaugombania. Mtoto wa ile nyumba alinyimwa wa pili akanuna mpaka usiku.

Mchele wenyewe ni mfupi, unanata, na hauna harufu ya Kyela. Msinitoe roho watu wa Kyela, nimesema HAUNA. Lakini utamu wake unaupata ukitafuna taratibu bila mchuzi, na mwanzoni sikuwa naelewa kwa nini wanakula wali mtupu huku mboga ziko pembeni kwenye vibakuli.

Pembeni palikuwa na nini: supu ya miso (soya iliyopondwa na kuchachushwa kwa chumvi). Matango na figili zilizochachushwa ndani ya pumba laini za mpunga zilizochanganywa na chumvi, pipa ambalo bibi analigeuza kwa mkono kila siku lisiharibike. Machipukizi ya mianzi, nayo yanachemshwa na konzi ya pumba ili ukali utoke. Warabi, ile mboga ya porini inayochipua ikiwa imejikunja, ambayo mbichi ina sumu, kwa hiyo inamwagiwa maji ya moto yenye majivu na kuachwa ilale humo usiku. Wengine siku hizi wanatumia magadi ya dukani. Bibi ana dharau ya wazi kwa watu wa magadi ya dukani.

Kwa hiyo hesabu: punje wamekula, pumba zimechachusha tango na kulainisha mianzi, bua limepika wali na limefunga mlango wa hekalu, majivu yamelainisha mboga. Nilipoambiwa darasani kuhusu "matumizi kamili ya zao" niliandika kwenye daftari nikasahau. Jikoni kwa yule bibi hakuna aliyeniambia chochote na nimekumbuka.

---

Shangazi_Tabora

Mwanangu Msangu, Mungu akubariki. Nimesoma huku mate yananitoka. Hiyo ya majivu sisi tunaijua vizuri, usidhani ni maajabu, hata huku kisamvu na mlenda kuna wanaotia maji ya majivu. Nyama hukupewa?

---

Msangu_wa_Mpunga

Shikamoo shangazi. Nilipewa, nyama ya nguruwe pori. Milima ya Shimane imejaa nguruwe pori, wanaharibu mashamba ya mpunga vibaya, na msimu wa baridi wanawindwa na kuliwa kwenye chungu kimoja na miso, figili na vitunguu. Chungu kinakaa katikati ya sakafu, kwenye jiko la makaa la shimo, irori, kikining'inia kwenye ndoano inayopanda na kushuka toka darini.

---

Binti_Wete

Hapo ndipo tunapoachana kaka 😅 Sasa Muislamu akienda huko anakula nini? Nisijibiwe "mboga mboga" kwa wepesi, maana najua humo mna mambo.

---

Mzee_wa_Kobe

Binti yangu, umesema kweli, humo mna mambo. Sikiliza vizuri.

Nguruwe ni rahisi kumkwepa, unasema mapema na wanaelewa. Ugumu ni pombe ya kupikia. Sake na mirin zinatiwa karibu kila kitu kinachochemshwa na sosi ya soya, hata mboga. Sosi yenyewe ya soya nyingi zina kiasi cha pombe iliyoongezwa au iliyotokana na kuchacha. Supu inayoonekana ya mboga msingi wake ni samaki mkavu na mwani, hiyo haina neno kwako. Kwa hiyo unapoweka nafasi usiandike tu "mimi ni Muislamu", mwenyeji wa kijijini hatajua maana yake jikoni. Andika moja moja: sili nguruwe, sili nyama isiyochinjwa kwa taratibu yetu, usitie sake, usitie mirin. Wali, mayai, samaki wa kuchoma kwa chumvi, tofu, mboga za pumba, soba (tambi za kwao)... hapo utashiba. Sukari kidogo inachukua nafasi ya mirin, na wenyeji wengi wa nyumba hizi hawana shida kuibadilisha ukiwaambia kabla hawajaingia jikoni. Ukiwaambia mezani umewaadhibu.

---

Msangu_wa_Mpunga

Mzee kamaliza. Naongeza soba: ya Izumo inasagwa pamoja na ganda, kwa hiyo tambi zake ni nyeusi nyeusi na zina harufu ya nafaka. Wanakuletea kwenye visahani vya duara vyekundu vilivyopandana, unamimina mchuzi juu. Uliza tu mchuzi umetiwa nini.

Na dada Binti_Wete, hii itakufurahisha. Ukivuka mpaka kuingia Hiroshima kuna mji wa Miyoshi, uko milimani, mbali na bahari zote mbili. Chakula chao cha sikukuu ni PAPA. Mbichi, vipande vyembamba, na tangawizi na sosi ya soya. Zamani hakukuwa na barafu, na papa ndiye samaki aliyeweza kupandishwa mlimani siku kadhaa bila kuoza, kwa sababu ya ile amonia yake.

---

Binti_Wete

Papa mbichi!! Subhanallah. Sisi papa tunamtia chumvi tunamkausha mpaka jirani wa mtaa wa tatu anajua leo kwenu kuna papa. Hiyo ya amonia nakubali, ndiyo inayomwashia mtu pua. Ila mbichi niachieni.

---

Tsukuba_Alumni

Wakuu, nimechelewa kwenye uzi. Mimi nilikwenda kozi ya mpunga kituo cha JICA (shirika la misaada la Japani) kule Tsukuba, wengi wa skimu na KATC Moshi (chuo cha mafunzo ya kilimo) mnakifahamu. Tsukuba iko Ibaraki, na Ibaraki ni nchi ya natto. Mwanzisha uzi umeiruka natto kwa sababu upo magharibi, huko hawaishabikii sana.

Natto ni soya zilizochemshwa zikachachushwa mpaka zinavuta kamba. Bakteria anayefanya kazi hiyo makazi yake ya asili ni bua la mpunga. Ya kienyeji inatengenezwa hivi: unafunga mabua kama kijaluba, unayatumbukiza kwenye maji yanayochemka. Vimelea vingine vinakufa, yule wa natto anajificha ndani ya mbegu yake ngumu na anavumilia. Unajaza soya za moto, unafunga, unaweka mahali pa joto kama nyuzi 40 kwa siku moja hivi. Ukifungua, harufu ya soksi. Inayouzwa madukani siku hizi ipo kwenye vikopo vya plastiki na bakteria wake wanakuzwa maabara, lakini kwenye mji wa Mito, huko huko Ibaraki, bado unaipata kwenye mabua.

Nilikula siku ya kwanza kwa adabu, siku za mwisho nilikuwa nawatangulia mezani.

---

Nyegezi_Sanaa

Natofautiana kidogo na mtazamo wa uzi. Msangu unaandika kama vile haya yote yapo hai. Mimi naona ni makumbusho. Nyumba za kijiji cha Shirakawa-go, zile za kale zenye paa kubwa, kila mtu anazijua, zimeingia urithi wa dunia 1995, sasa pale mabasi ya watalii ni mengi kuliko wenyeji. Kusokota kamba saa moja na kupiga picha si utamaduni, ni kuuza utamaduni.

---

Msangu_wa_Mpunga

Hoja nzito, na nusu yake nakubali.

Kwanza angalizo dogo: Shirakawa-go paa si mabua ya mpunga, ni nyasi ndefu za porini ambazo kwa Kijapani zinaitwa "kaya". Paa likichakaa, baada ya miaka 30 hadi 40, watu mia na zaidi wanajikusanya kuliezeka kwa pamoja, wanauita yui. Msaragambo kabisa.

Ninapokataa ni hapa. Ndala za waraji, makoti ya mino, viatu vya theluji, hivyo ndiyo, vimebaki vya maonyesho na sherehe, kwa sababu raba na nailoni zimevishinda na hakuna atakayerudi nyuma. Mgeni akija anasuka kimoja, anaondoka, mwakani fundi akifariki imekwisha. Lakini shimenawa ina MTEJA. Mahekalu yanaagiza, Iinan wanapeleka mikoani na mbali zaidi. Kuna mtu anategemea mabua yafike kwa tarehe, na akikosa hana cha kuweka mahali pake, au anaweka ya plastiki na watu wananung'unika. Mgeni pale ni nyongeza tu. Ukiingia unaona tofauti: wanaokufundisha wana kazi nyingine ya kweli inayowasubiri, na ukiharibu mabua wanakasirika kidogo. Mahali pa maonyesho hakuna anayekasirika.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa atakayekwenda ni achague sehemu ambayo kazi ingeendelea hata asipofika.

---

Nyegezi_Sanaa

Nimekuelewa, ila kipimo chako kina tundu. Niigata kuna tamasha la Wara Art, lilianza 2008. Wakulima wanatoa mabua, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sanaa cha Musashino wanajenga wanyama wakubwa kuliko nyumba, simba, masokwe, kwa mabua juu ya fremu ya mbao. Hakuna hekalu lililoagiza. Wateja ni hao hao watalii unaowaita nyongeza. Na mabua yanapata kazi, na vijana wa mjini wanajifunza kufuma mikeka ya mabua kwa wazee. Hilo utaliweka kundi gani?

---

Msangu_wa_Mpunga

Hilo umenipata mkuu. Wale wazee wanafundisha kitu na vijana wanakitumia kwa jambo jipya, siwezi kusema ni makumbusho. Bado nasema chuo kikijitoa sijui kama mwakani kutakuwa na simba.

---

Kirinyaga_Finest

Mimi nimebaki na ya kombaini. Hapa Mwea majani yana bei kwa sababu ya ng'ombe, na ndio maana hatuchomi. So ni kama mnasema kitu kimoja nyinyi wawili, bora tu kuwe na mtu wa kununua. Simba, ng'ombe ama hekalu, jani halijali.

---

Ngosha_wa_Magu

😂😂 Jani halijali. Sasa wakuu tupeni ya mfukoni. Msimu gani, lugha je, na mtu mweusi kijijini wanamchukuliaje?

---

Msangu_wa_Mpunga

Msimu: kuvuna na kuanika ni Septemba na Oktoba. Oktoba kwenda Novemba utakuta matunda yaitwayo kaki, yale machungu, yamemenywa na kutundikwa chini ya paa yakauke, vikonyo vimepachikwa kwenye msokoto wa kamba, yanageuka matamu hatari. Kusokota mapambo ya mwaka mpya ni Novemba na Desemba, ndipo mafunzo ni mengi zaidi kila mahali, hata mijini kwenye kumbi za mitaa. Januari na Februari milimani kuna theluji, kama huna uzoefu wa kuendesha humo usikodi gari. Kufika Iinan bila gari ni basi tu. Reli ya Sanko iliyokuwa inafuata mto Gonokawa kule jirani, kilomita 108, ilifungwa Machi 2018 kwa kukosa abiria.

Lugha: Kiingereza usikitegemee. Programu ya kutafsiri kwenye simu inatosha, na kazi ya mikono haihitaji maneno mengi. Nyumba nyingi za wakulima hupokea nafasi kupitia ofisi ya utalii ya mji au chama cha wenyeji, si lazima umpigie mwenye nyumba.

Watakuangalia, ndiyo. Mtoto atauliza swali, bibi atakuuliza kama kwenu mnakula wali. Ukimwambia unalima mpunga, mazungumzo hayaishi, na utatolewa kupelekwa shambani hata kama ni jioni. Vaa nguo za mikono mirefu, vumbi la mabua linawasha. Soksi zisiwe na matundu, viatu unavua kila mlango.

---

Shangazi_Tabora

Na hiyo kamba uliyosokota, unaniletea lini niitundike mlangoni?

---

Tsukuba_Alumni

Shangazi, samahani namjibia. Asiibebe kienyeji. Mabua ya mpunga yanaweza kuhamisha wadudu na magonjwa ya mpunga, na nchi nyingi zina masharti makali juu yake. Tanzania aulize TPHPA, Kenya ni KEPHIS (mamlaka za afya ya mimea), na aulize kabla ya kufika uwanja wa ndege, pamoja na cheti cha usafi wa mimea kutoka Japani kama kitatakiwa. Afisa ugani wa mpunga akikamatwa na mabua ya mpunga kwenye begi itakuwa habari ya gazeti.

---

Msangu_wa_Mpunga

Shangazi, alivyosema ndivyo. Nitaleta kawa la mianzi... hapana, nalo ni mmea. Nitaleta nyundo ya kutwangia, nayo niulizie kwanza kama ina magome. Mabua tunayo Mbarali, nikirudi nakusokotea hapo hapo barazani kwako. Mwenye mbegu ndefu ya kienyeji, isiyo ya kisasa, aniandikie inbox.